Wanataka ubia wa miaka 33 kwenye kilima chetu. Tusaini?

Swali hili limetoka kwa mama mmoja, mjumbe wa halmashauri ya kijiji kilicho kandokando ya ziwa wilayani Magu. Nimelifupisha na kuondoa majina.

"Shikamoo mzee. Kijijini kwetu tuna kilima cha mawe makubwa kinachotazama ziwa. Juu kuna makaburi ya watemi, na wazee bado wanapanda kutambika. Chini kuna ngitili ya zamani, yaani malisho yetu ya akiba, na chemchemi isiyokauka. Upande wa barabara kina mama kama thelathini wanaponda kokoto. Sasa imekuja taasisi ya uhifadhi pamoja na kampuni ya utalii. Wanataka ubia wa miaka 33: kilima na ufukwe vihifadhiwe, ijengwe kambi ya mahema 12, sisi tujengewe madarasa mawili, vijana wapate ajira, na zahanati itafuata. Mwenyekiti anataka tusaini kabla ya mwezi huu kwisha, eti wafadhili wao wanasubiri. Wazee wamegawanyika, kina mama wa kokoto wanalia. Tena wanaomba ngoma ya mtemi iliyo kwa mzee mmoja wa ukoo ikae kambini wageni waione. Mimi naona madarasa tunayahitaji kweli. Tusaini?"

Marahaba, mayu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Jibu fupi: msisaini mwezi huu. Sijasema mkatae. Kilima kama hicho kikiachwa bila mpango, lori za kokoto zitakimaliza, na ubia mzuri ni mojawapo ya njia chache za kukiokoa. Ila wafadhili wanaosubiri ni wa kwao, si wenu. Kilima hakina haraka.

Kinachonisumbua zaidi si hiyo miaka 33. Ni kwamba karatasi mliyoletewa, kwa jinsi ulivyoieleza, imeorodhesha mtakachopewa, wala haisemi popote mtaendelea kufanya nini. Nani atachota maji kwenye chemchemi? Ng'ombe wataingia ngitili mwezi gani? Mzee akitaka kupanda kutambika, ataomba ruhusa kwa nani, kwa mlinzi wa getini? Dagaa wataanikwa wapi? Katika miaka yangu yote ya kazi za ardhi na misitu Kanda ya Ziwa sijaona ubia uliovunjika kwa sababu ya darasa. Niliyoona ikivunjika ilivunjwa na kuni, maji na njia ya ng'ombe, mambo ambayo siku ya kusaini kila mtu aliyaona madogo mno kuandikwa.

Lakini tuyamalize madarasa kwanza, kwa kuwa ndiyo yanayowavuta. Serikali ilipojenga madarasa kwa fedha za UVIKO-19 mwaka 2021, darasa moja lilitengewa shilingi milioni 20. Mawili ni milioni 40. Gawanya kwa miaka 33 upate milioni moja na laki mbili na ushee kwa mwaka, yaani kama laki moja kwa mwezi. Laki moja kwa kilima, ufukwe na chemchemi! Fremu ya duka penye watu Mwanza mjini huipati kwa bei hiyo. Sidharau madarasa, na najua mtoto anayesomea chini ya mwembe hawezi kungoja hesabu zangu. Ninachokataa ni zawadi ya siku moja kuitwa mgawo wa mapato. Zawadi hutolewa ikatajwa kwenye sherehe, kisha mtoaji hadaiwi tena. Mgawo ni deni linalorudi kila robo mwaka.

Sasa ardhi ni ya nani? Hapa mwenyekiti wenu ajue mipaka yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, lakini kama mdhamini anayesimamia mali kwa niaba ya wanakijiji. Halmashauri haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ule wa watu wazima wote. Kwa hiyo saini ya mwenyekiti na mtendaji peke yao, hata ikiwa na mhuri, haitoshi. Tafuteni muhtasari wa mkutano mkuu uliojadili jambo hili. Kama haupo, hapana cha kusaini. Kama upo na wewe mjumbe hukumbuki mkutano huo, basi mna tatizo lingine, tena kubwa kuliko la wageni.

Ulizeni pia kampuni hiyo inataka kuishika ardhi kwa njia gani. Kampuni ya watu wasio raia haimilikishwi ardhi ya kijiji moja kwa moja. Njia inayotumika ni kuhawilisha: ardhi inatolewa kwenye ardhi ya kijiji na kuwa ardhi ya jumla, halafu mwekezaji anapewa haki yake huko. Eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu wenu ndio wenye kukubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri huamua baada ya mkutano mkuu kutoa mapendekezo yake. Neno "kuhawilisha" likitajwa, nyanyua mkono uulize: mkataba ukiisha, ardhi inarudi kwetu? Jibu la kweli ni kwamba hairudi yenyewe. Ikishakuwa ardhi ya jumla, kijiji hakina tena sauti ya mwenye mali juu yake, hata kampuni ikifilisika mwaka wa nne na mahema yakaliwa na mchwa.

Hivyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba kilima kibaki ardhi ya kijiji, tena kiwekwe wazi kwamba ni ya pamoja. Sheria hiyo inaigawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ya matumizi ya pamoja, ya watu na familia, na ya akiba. Kilima, chemchemi na ngitili ya jumuiya viingie fungu la kwanza kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Kama hamna mpango huo, mwombeni mbia agharimie upimaji na vikao vyake kabla ya kitu kingine chochote. Mbia wa kweli atakubali, maana hata yeye anahitaji kujua mpaka uko wapi. Anayekwepa hilo anataka kuwauzia mbuzi kwenye gunia.

Palipo na miti ya kutosha mnaweza kwenda hatua moja zaidi. Sheria ya Misitu, Na. 14 ya 2002, inaruhusu kijiji kutenga hifadhi ya msitu ya kijiji kwenye ardhi yake chenyewe. Mnaunda kamati ya maliasili, mnapima mpaka, mnahesabu kilichomo, mnaandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, mkutano mkuu unapitisha, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Faini na mapato ya msitu vinakusanywa na kijiji. Kanuni zake huguswa mara kwa mara, kwa hiyo pita kwa ofisa misitu wa wilaya upate zinazotumika sasa. Faida kubwa, kwa maoni yangu, si fedha. Mbia anawakuta tayari ni wahifadhi. Haji kuanzisha hifadhi, anakuja kuunga mkono iliyopo, na hilo linabadilisha nani anakaa upande gani wa meza.

Kuna mfano ninaoupenda, ingawa si wa huku ziwani. Kijiji cha Terrat, Simanjiro, kilikubaliana na kampuni kadhaa za utalii miaka ya 2000 kwamba uwanda wao wa malisho hautalimwa wala kuchomwa mkaa, na kampuni zilipe kijiji kila mwaka kwa ajili hiyo. Wanyama wa Tarangire wanapata pa kuzalia, na ng'ombe wa Wamasai wanaendelea kulisha palepale. Ardhi haikuhama mikononi mwa mtu. Haikuuzwa wala kufungiwa uzio. Kilicholipiwa ni ahadi ya kutofanya mambo yaliyotajwa kwa majina, na malisho yalibaki halali. Mwulize mwanasheria wenu kama makubaliano yenu yanaweza kuandikwa hivyo, kwa kutaja kinachokatazwa tu.

Mmesema mna ngitili ya zamani. Mayu, hapo mna hazina kuliko hao wageni wanavyojua. Wasukuma tulitenga malisho ya kiangazi kabla neno uhifadhi halijafika. Majani yanafungiwa masika yaote, yanafunguliwa kiangazi kikikaza, ndama na wagonjwa wakitangulia. Jirani zetu wa Shinyanga walishaipoteza. Misitu ilifyekwa kwa vita dhidi ya mbung'o tangu enzi za mkoloni, ikaja pamba, halafu operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu na kuwatenganisha na ngitili zao. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza 1986 kwa msaada wa Norway, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji 833.

Watu husimulia habari hiyo kama habari ya miche, nami naona wanaisoma nusu. Wataalamu walianza na miche kweli, ya vitaluni, na mingi ililiwa na mifugo au ilikauka. Kilichofanya kazi ni kuziacha shina zichipue zenyewe, na zaidi ya hapo, kukubali kwamba mwenye ngitili ni mwenye ngitili. Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, likakaa, sungusungu wakalinda, aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati akatozwa. Serikali na wafadhili walikuja kuunga mkono sheria ambayo watu walikuwa nayo vichwani. Ukiisoma hivyo, utajua cha kumwambia mbia: sheria za ngitili yenu ziandikwe kama wazee wanavyozijua, mwezi kwa mwezi, ziwe kiambatisho cha mkataba. Msikubali "malisho yatapangwa baadaye kwa mashauriano". Katika mkataba, baadaye maana yake ni kamwe.

Sitawaficha upande wa pili wa Shinyanga. Wenye ng'ombe wengi na eneo kubwa ndio waliovuna zaidi. Ngitili binafsi zilipoongezeka, maskini asiye na ngitili aliona mahali alipookota kuni pakiwa pa mtu. Hifadhi iliyofanikiwa kabisa ilimfungia nje. Na hiyo inatuleta kwa kina mama wa kokoto, ambao barua yako imewataja kwa sentensi mbili. Mimi nitakaa kwao kidogo, kwa sababu niliwahi kukosea hapohapo.

Miaka mingi iliyopita nilishiriki mradi mmoja kwenye kilima cha mawe, mahali nisipopataja. Tulikuwa na ramani nzuri na vibao vizuri. Tulikutana na wazee, tukakutana na vijana, tukala ubwabwa. Wapasua mawe tuliwahesabu kama waharibifu, tukawaandikia tarehe ya kuondoka. Waliondoka mchana. Usiku tulisikia nyundo. Moto wa magogo na matairi uliwashwa juu ya mawe kama zamani ili yapasuke, tofauti ni kwamba sasa walifanya gizani, na mtu mmoja aliangukiwa na jiwe akavunjika mguu. Baada ya miaka miwili kilima kilikuwa kimeliwa kuliko kabla hatujafika, kwa sababu aliyekuwa akichagua jiwe kwa utulivu sasa alichukua lililo karibu akimbie. Vibao vyetu vilikuja kuwa meza ya kuuzia nyanya. Tulikosea mimi na wenzangu, si wao.

Mama anayeponda kokoto hapondi kwa chuki na historia. Mwanza inajengwa, kila nguzo na kila msingi unataka kokoto, na nyundo ni mtaji ambao hata mjane anaupata. Kabla ya kumwambia ondoka, hesabuni ndoo zake: kwa wiki anaponda ngapi, anauza bei gani, lori linakuja mara ngapi. Hiyo ndiyo bei ya kilima chenu, nanyi hamjaijua. Halafu kwenye mpango wa matumizi ya ardhi tengeni mwamba mwingine, usio na kaburi wala chemchemi, uwe wa kokoto kihalali. Vifaa vya ujenzi navyo viko chini ya Sheria ya Madini, na kikundi kinaweza kuomba leseni ndogo ya uchimbaji. Mbia agharimie leseni hiyo, miwani ya kukinga macho na mtaji wa kikundi, na wahamie kwanza ndipo kilima kifungwe. Mfuatano huo uandikwe: mwamba mpya unafunguliwa, unapita msimu mmoja, halafu wa zamani unafungwa. Na kina mama wenyewe wawe na wajumbe wawili kwenye kamati, wenye kupiga kura. Watu wanaolijua kila jiwe kwa mlio wake ndio walinzi bora kuliko wote, mkiwalipa.

Ufukwe nitaupitia haraka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya 2004, inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira. Kwa hiyo mchoro wa kambi wenye mahema yanayogusa maji urudishwe ukachorwe upya, na tathmini ya athari kwa mazingira ionekane. Mafunjo yasifyekwe kwa ajili ya mandhari. Humo ndimo samaki wadogo wanapokulia. Kuhusu mwalo, washirikisheni BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, tangu kikao cha kwanza. Na dagaa! Najua kitakachotokea, kwa hiyo niseme mapema. Mwaka wa pili mgeni mmoja atalalamikia harufu, meneja atakuja kwa upole kuomba wanawake waanike mbali kidogo, na mbali kidogo itakuwa kilomita mbili kwa miguu, beseni kichwani. Andikeni: mwalo, vichanja na njia ya kwenda majini vinabaki vilipo, harufu ikiwemo. Mgeni aliyekuja kuona Ziwa Victoria na asitake dagaa amekosea safari.

Fedha sasa. Ombeni vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni kodi ya chini isiyotegemea wageni, inayolipwa hata kambi ikiwa tupu. Mwaka 2020 ndege zilipokoma, vijiji vilivyotegemea vitanda vya watalii peke yake vilikosa hata mshahara wa walinzi, na majangili hawakuwa karantini. Cha pili ni kiwango cha shilingi kwa kila mgeni kwa kila usiku. Msikubali asilimia ya faida. Faida hufichika kwenye vitabu; kichwa cha mgeni kinahesabika na mpishi, na dereva, na mtoto anayechunga mbuzi. Tuseme, kwa mfano tu, 15,000 kwa mgeni kwa usiku. Mahema 12 yenye watu wawiliwawili, yakijaa usiku 120 tu kwa mwaka, ni 2,880, sawa na shilingi milioni 43 na laki mbili. Hayo ni madarasa yenu mawili, kila mwaka, na chenji inabaki.

Fedha iingie akaunti ya kijiji, na hesabu isomwe kwenye mkutano mkuu wa kila miezi mitatu, kwa sauti, na mbia akiwepo. Mgawo wa ndani mjiamulie wenyewe mapema: kiasi gani ulinzi wa kilima, kiasi gani shule na zahanati, kiasi gani kikundi cha kokoto. Wilayani Serengeti vijiji vitano vimeungana katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, jina lililounganishwa kutoka kwa Waikoma na Wanatta, na jumuiya za namna hiyo nchini zina mengi ya kuwafundisha, mazuri na machungu. Jambo chungu linalosikika sana ni fedha kukaa njiani na mwanakijiji asijue iko wapi. Tumeni wajumbe watatu, mmoja wao mama, wakalale huko siku mbili. Nauli ni rahisi kuliko majuto.

Na ajira? "Vijana watapata ajira" si kifungu, ni matumaini. Wangapi, kazi gani, kwa mkataba upi, nani atawafundisha? Ng'ambo ya ziwa, Mabamba karibu na Entebbe, kuna bwawa la mafunjo lililoingia orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhioevu, mwaka 2006. Pale anaishi korongo mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu cha mbao. Zamani wavuvi walimwona nuksi; ukimwona asubuhi, nyavu zitarudi tupu, kwa hiyo wengine walimuua. Leo wavuvi haohao wana chama chao cha waongozaji, mitumbwi yao ndiyo inayowabeba wageni kumtazama, na malipo hayamsubiri mtu wa mjini. Angalieni tofauti: hawakuajiriwa kufua mashuka, wanamiliki chombo na wanamiliki njia. Kwenu iandikwe kwamba kila anayepanda kilima anaongozwa na mtu wa kijiji, kwa ada ya kijiji. Mtashangaa wageni wanachokilipia. Yule mjusi wa mawe mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, ambaye watoto wetu wanamrushia mawe, ana jina la Mwanza ndani ya jina lake la kisayansi, na kuna watu wanapanda ndege kuja kumpiga picha.

Muda: kataeni 33. Ombeni miaka mitano, kisha tathmini, kisha mingine mitano au kumi. Watasema mwekezaji hawezi kurudisha fedha zake kwa miaka mitano. Kwa hoteli ya ghorofa ningewaelewa. Hema linakunjwa. Mkataba uwe kwa Kiswahili, na nakala ya Kiswahili ndiyo itawale. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria nchini, basi hakuna sababu ya mzee wa miaka sabini kuambiwa "weka dole hapa" kwenye karatasi asiyoisoma. Usajili wa kampuni uulizwe BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, wa taasisi kwa Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali, na mwanasheria wa halmashauri ya wilaya asome kila ukurasa kabla ya mkutano. Wakitaja kuuza hewa ukaa, simamisheni kikao. Hiyo ni biashara nyingine, ina kanuni zake za mwaka 2022, na haki yake isiingizwe kwa mlango wa nyuma wa mkataba wa kambi.

Nimeacha makaburi na ngoma mwisho kwa sababu hapo mimi si mwenye neno la mwisho. Utemi kama mamlaka ya serikali ulifutwa 1963, lakini watemi waliozikwa hawakuondoka, na ukoo wao upo. Kikao cha kwanza kabisa kuhusu juu ya kilima kiwe cha ukoo na banamhala, wazee wa jadi, bila mbia, bila mtendaji, hata bila wewe kama hukualikwa. Waamue mambo mawili: wapi mgeni anafika na wapi hafiki, na nini kinaelezwa na nini hakielezwi. Si lazima kila kaburi liwekwe kwenye ramani ya watalii. Ukoo ukisema sehemu fulani isiandikwe, isiandikwe. Mkataba utaje tu kwamba juu ya mstari fulani hapapandwi. Siku za tambiko kilima kinafungwa kwa wageni, na taarifa inatosha, si maombi. Mtu yeyote asichimbe wala kuokota vigae "kwa utafiti" bila kibali cha idara inayosimamia malikale. Sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, hata kama mwenye koleo ni profesa.

Palepale mjini mna funzo lingine. Kisiwa cha Saanane kina jina la mzee Saanane Chawandi, aliyelima na kuvua pale kabla hakijawa bustani ya wanyama mwaka 1964. Mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Jina limebaki, na ni heshima. Lakini jina halianiki dagaa. Wakiwaambia kambi itaitwa kwa jina la mtemi wenu, shukuruni, kisha rudini kwenye vifungu.

Kuhusu ngoma, nenda na yule mzee mpaka Bujora, Kisesa; si mbali na kwenu. Padri David Clement, Mkanada aliyeitwa Fumbuka na watu wake, aliianzisha kazi ile miaka ya 1950, na makumbusho yakasimama 1968. Ngoma na viti vya enzi vilifika pale kutoka kwa koo za watemi wenyewe, na mpaka leo wakati wa Bulabo, mwezi Juni, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wacheza ngoma, wanakuja kushindana uwanjani. Vitu vile havikufa kwa sababu watu wake bado wanacheza mlangoni. Mzee awaulize walezi wa pale ngoma inakingwaje dhidi ya mchwa, joto na unyevu, na karatasi ya kukabidhi inaandikwaje. Ngoma hiyo ni ya ukoo, si ya halmashauri ya kijiji, kwa hiyo isiwemo kabisa kwenye mkataba wenu. Ukoo ukipenda kuiazima kambini, iwe kwa karatasi yake peke yake: ya ukoo, kwa miezi kadhaa, kwa picha na vipimo, na siku ya kuirudisha imetajwa. Hema lililo wazi kando ya ziwa, lenye baa upande mmoja, silioni kama mahali pake. Fundi wa kwenu anaweza kuchonga nyingine mpya kwa ajili ya wageni, alipwe, na ile ya mtemi ibaki inapolala sasa.